Kabla Hujapakua Programu ya Kufanyia Remiksi

Swali ni lile lile, liwe limetoka Ndanai, Gorgor, Sotik au Litein: "Nitumie programu gani kutengeneza remiksi?" Nyuma yake huja la pili, linaloulizwa kwa sauti ya chini kidogo: "Na nitaweza kujifunza bila mwalimu?" Nayajibu yote mawili hapa kwa urefu, maana wanaouliza wamekuwa wengi mno kumjibu kila mtu peke yake.

Jibu fupi la swali la kwanza: chukua programu wanayotumia watu utakaobadilishana nao kazi, mradi kompyuta yako inaimudu. La pili: ndiyo, utaweza, lakini si kwa kutazama video usiku kucha. Utajifunza kwa kumaliza remiksi ndogo ndogo na kuwapa wengine wazisikilize.

Aliyetosheka na hayo anaweza kuishia hapa. Waliobaki, twende taratibu.

## Anza na watu

Remiksi haitengenezwi na mtu mmoja. Mmoja hutoa sauti yake ya kuimba bila ala, mwingine huweka kinanda, wa tatu huchukua vyote viwili akavipindua kabisa. Ndiyo maana kulinganisha programu kabla ya kujua utaingia kundi gani ni kupoteza muda. Makundi ni ya aina tatu:

- Mitandao ya kimataifa ya kubadilishana. Mfano ni ccMixter, iliyoanzishwa na shirika la Creative Commons mwaka 2004. Waimbaji huweka sauti zao, watengenezaji huzichukua, na kila remiksi huonyesha imezaliwa na kazi ya nani. Huko hakuna anayejali umetumia programu ipi, kwa kuwa kinachopokelewa ni faili za sauti.
- BandLab. Hapa kundi na programu ni kitu kimoja. Mwenye wimbo akiruhusu uendelezwe, unabonyeza "Fork" na nakala ya mradi wake inafunguka kwako, kila ala ikiwa mahali pake.
- Makundi ya WhatsApp na Telegram ya maprodyuza wa hapa nyumbani. Kwa maoni yangu haya ndiyo yanayomfaa zaidi anayeanza. Ukikwama unauliza kwa Kiswahili au Kipsigis, na siku ya soko unaweza kukutana na mwenzako ana kwa ana akakuonyesha. Humo utakuta FL Studio kila upande, na watu hutumiana miradi yenyewe.

Shikilia hapo kwenye miradi, maana ndipo programu yako inapoamuliwa. Mradi ni faili ya programu: hufunguka kwenye programu iliyouzaa, tena mara nyingi mpaka uwe na plagini (programu ndogo za ala na mapambo ya sauti) zile zile alizotumia mwenzako. Stemu ni jambo jingine. Ngoma ziko kwenye faili yao, besi yake, kinanda chake, sauti ya mwimbaji yake, zote WAV na zote zikianza sekunde sifuri. Stemu hufunguka popote. Kundi la kubadilishana miradi linakuchagulia programu. Kundi la stemu linakuacha uchague mwenyewe.

Kabla ya kupakua chochote, uliza kundini:

1. Mnatumiana miradi au stemu?
2. Kama ni miradi, ni programu gani na toleo lipi?
3. Nani yuko tayari nimwulize nikikwama?

Swali la tatu ndilo zito. Programu ya wastani yenye mtu wa kuuliza inashinda programu bora usiyo na wa kumwuliza.

## Kompyuta uliyo nayo

Wengi wenu mna laptopu ya ex-UK, ThinkPad au EliteBook iliyokwisha kutumikia ofisi ya watu, mkainunua bonasi ya majani chai ilipoingia Oktoba. Ni mashine nzuri. Asikudanganye mtu kwamba muziki unataka kompyuta ya laki mbili. Kagua haya tu:

- RAM. 4GB inatosha kuanza. 8GB itakuondolea maudhi mengi.
- Diski. Ikiwa bado ni ile ya kuzunguka, pesa yako ya kwanza iende kwenye SSD. Kinanda na spika zitangoja.
- Windows. Iwe ya 64-bit, la sivyo programu nyingi za leo hazitaingia.
- Betri. Laptopu iliyokufa betri ikikutana na stima inayopotea, kazi ya mchana mzima inayeyuka. Weka programu ijihifadhi yenyewe kila dakika 5.
- Hedifoni za waya. Zile za Bluetooth huchelewesha sauti. Utagonga kitufe sasa, mdundo ufike baadaye, na utadhani huna mkono wa muziki.

Sauti ikikatika-katika, usikimbilie kubadilisha programu. Fungua mipangilio ya sauti uchague draiva ya ASIO. FL Studio huja na yake, na ASIO4ALL inapatikana bure kwa programu nyingine. Kisha angalia bafa ("buffer size"): 128 au 256 unaporekodi, 512 au 1024 unapochanganya.

Na asiye na kompyuta? Simu inatosha kuanzia. BandLab hufanya kazi kwenye simu bila malipo. FL Studio Mobile ni ya kulipia, lakini ina faida moja: mradi wa simu unaweza kufunguliwa ndani ya FL Studio ya kompyuta baadaye, kwa hiyo kazi yako haipotei siku utakapohama.

## Programu zenyewe

FL Studio. Inatengenezwa na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, na wakubwa wenu waliijua kwa jina la FruityLoops. Sababu ya kuichukua ni kwamba jirani yako anaijua. Sababu nyingine ni kwamba ukishainunua unapata matoleo mapya bila kulipa tena. Toleo la majaribio halina mwisho wa siku. Unatengeneza, unahifadhi, na hata kutoa WAV. Ila lina mtego: mradi uliouhifadhi ukaufunga haufunguki tena mpaka ulipie. Anayetumia toleo hilo amalize wazo lake kwa kikao kimoja na atoe stemu kabla ya kufunga. Na unaponunua, usichukue toleo la bei ya chini kabisa bila kusoma linaruhusu nini upande wa rekodi za sauti. Remiksi hujengwa juu ya sauti ya mtu, na Producer Edition ndiyo inayokupa uhuru kamili wa kurekodi na kupanga sauti hizo.

Reaper. Faili yake ya kupakua ya Windows haifiki MB 30, habari njema kwa anayehesabu bando. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, bila kitu kilichofungwa, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kwenye kompyuta dhaifu sijaona inayoishinda. Ubaya wake ni kwamba haiji na ala za kuvutia. Ukiifungua mara ya kwanza utaona ukurasa mtupu wa kijivu. Inamfaa anayepokea stemu, kuzikata, kuzipanga na kuzichanganya.

LMMS. Ni ya bure kabisa, ya Windows, Mac na Linux, na mpangilio wake unafanana kiasi na FL Studio. Ina sinteza nyingi ndani. Lakini matoleo yake thabiti hayarekodi sauti kutoka maikrofoni. Itumie kwa ngoma na besi.

Audacity. Wengi huidharau kwa kuwa ni ya bure na ya siku nyingi. Wanakosea. Kusafisha rekodi, kukata kikohozi, kupunguza kelele na kubadili muundo wa faili, inafanya haraka kuliko hizo kubwa. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2023 ina hata gridi ya mapigo na uwezo wa kunyoosha kipande bila kubadili sauti yake. Hata hivyo usijaribu kutengenezea wimbo mzima humo, utachoka.

BandLab. Nzuri kwa kuonja remiksi ni nini. Ila kazi zako zinakaa mtandaoni, na kila ukifungua mradi bando linapungua. Kwa mwenye Wi-Fi ya chuo, sawa. Kwa anayenunua bando la siku, hesabu kwanza.

Ableton Live, Cubase na Logic ni programu za heshima, na Logic ni ya vifaa vya Apple peke yake. Kama huna rafiki anayezitumia wala sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi moja, ziache kwa sasa.

Ukinilazimisha niseme: mwenye laptopu ya 4GB na mfuko mtupu achukue LMMS ya kutengenezea ngoma, atoe stemu, azipeleke Reaper ya majaribio. Aliye ndani ya kundi la FL Studio achukue FL Studio, aanze kuweka akiba ya Producer Edition.

## "Si kuna kraki?"

Najua utaniuliza. Ndiyo, zipo, kwenye fleshi za watu na kwenye saiba. Sitakuhubiria, nitakueleza tu zinavyokugharimu. Faili ya kraki ni njia rahisi ya kuingiza virusi, na virusi vya siku hizi hufunga diski nzima vikadai pesa. Huwezi kupokea masahihisho ya programu, na mradi wako unaweza kukataa kufunguka kwa mwenzako mwenye toleo halali. Siku ukiuliza msaada kwenye kundi la kimataifa wakaona toleo lako, mazungumzo yameisha. Na ukiwa na Reaper ya dola 60 na LMMS ya bure, sababu ya kujitafutia shida hizo siioni.

## "Mashine yangu ni duni mno"

Msikilize kwanza mtu wa Dar es Salaam. Singeli, muziki unaokwenda kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, ulikuzwa kwenye vyumba vidogo vya mitaani kwa kompyuta za kawaida, FL Studio na Virtual DJ, huku vipande vya taarabu na mchiriku vikikatwa na kuharakishwa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na wasanii wake wakaanza kualikwa Ulaya. Hakuna msikilizaji aliyeuliza RAM ilikuwa ngapi.

## Remiksi yako ya kwanza, hatua kwa hatua

Usianze na wimbo unaovuma. Utalinganisha kazi yako na ya studio, utakata tamaa kabla ya Jumapili. Fanya hivi:

1. Chukua stemu chache. Sauti ya mwimbaji na ala moja, basi. Ukipewa stemu 20, funga 18.
2. Weka tempo. Aliyetoa sauti kwa kawaida ameandika BPM (mapigo kwa dakika). Kama hakuandika, tumia kitufe cha "tap" na ugonge ukifuata mwimbaji.
3. Tafuta ufunguo wa wimbo. Piga noti moja moja kwenye kinanda huku sauti ikicheza, mpaka upate ile inayokaa tulivu mwisho wa mstari.
4. Sikiliza sauti peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Usiguse kitu. Andika kwenye karatasi kiitikio kinaingia dakika ya ngapi na wapi mwimbaji anavuta pumzi. Mapengo hayo ndiyo nafasi zako.
5. Weka ngoma na besi tu. Kama wimbo haujasimama kwa hizo mbili, plagini kumi hazitausimamisha.
6. Panga wimbo wote kabla ya kuupamba. Mwanzo, beti, kiitikio, mapumziko, mwisho. Uwe mbaya, lakini uwe mzima.
7. Sasa pamba. Kinanda, mwangwi, mapambo ya mpito.
8. Toa MP3 usikilize nje ya hedifoni. Simu, redio ya dukani, spika ya jirani. Besi ikipotea kwenye simu, iongezee sauti ya juu kidogo badala ya kuongeza nguvu.
9. Peleka kundini. Usiseme "nipeni maoni". Uliza jambo moja: "Sauti inamezwa na kinanda kwenye kiitikio?" Swali la hivyo hujibiwa.
10. Rekebisha mara moja, funga, anza nyingine.

Wengi hukwama kati ya hatua ya 5 na ya 6. Wana baa nane tamu, zinazunguka, wanazisikiliza wiki mbili wakibadilisha sauti ya kofi la ngoma. Dawa ni kunakili baa hizo nane mpaka zifike dakika tatu, kisha anza kufuta: futa ngoma hapa, futa besi pale, acha sauti peke yake kwa baa nne. Wimbo utajitokeza kwa kupunguza.

Video za mafunzo zina nafasi yake. Tazama moja ukiwa umekwama kwenye jambo moja, ifunge, ufanye ulichoona. Anayezitazama akiwa amelala kitandani anajiburudisha, na hilo si vibaya mradi asiliite masomo.

"Nikipeleka kazi mbovu watanicheka." Huenda. Lakini kwenye makundi mazuri anayechekwa ni mtu anayekosoa kila siku bila kutoa kazi yake hata moja.

## Sauti za huku kwetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu wa Ndanai ana kitu ambacho wa Berlin hana, na ndipo programu zote zinapomsumbua.

Remiksi si jambo geni nchi hii. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet, mbele ya Kaplong ukielekea Kericho, akawarekodi Wakipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikika huku kupitia santuri za gramafoni. Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake walimgeuza kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamwimbia kwa chepkong, ala yetu ya nyuzi. Walichukua sauti ya mbali wakaifanya yao, bila programu yoyote. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba ya ILAM ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ikishirikiana na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha rekodi hizo Kapkatet.

Sasa wewe una mzee jirani anayepiga chepkong. Unamrekodi, unaiweka kwenye programu, na hakuna kinachokaa sawa. Sababu ni mbili: hapigi kwa mashine ya kuhesabu mapigo, na nyuzi zake zimekazwa kufuata sauti yake mwenyewe, si piano. Fanya hivi:

- Rekodi asubuhi. Mvua yetu hupenda alasiri, na mabati yakianza kupigwa hakuna plagini itakayoyatoa. Weka simu karibu na ala, zima data, tumia programu ya kurekodi inayotoa WAV.
- Mwombe apige kila uzi peke yake, polepole, mwishoni. Rekodi hiyo ndogo itakuokoa baadaye.
- Usimlazimishe kufuata mapigo ya hedifoni. Atapiga kwa woga, na utapoteza kile ulichokifuata.
- Pima tempo ya wastani. Gonga ukifuata kipande cha katikati, mzee akiwa ameshapasha mikono moto.
- Kata kwa misemo, usikate kwa noti. Tafuta pale msemo wa muziki unapoanza, kata hapo, weka mwanzo wake juu ya gridi, na ndani yake usiguse. Baa mbili au nne kwa kipande. Ukivuta kila noti kwenye gridi utabaki na mlio wa simu ya zamani.
- Sogeza kinanda kimfuate mzee. Sikiliza zile nyuzi ulizorekodi mwishoni, kisha panda au shuka na "master tune" ya sinteza yako. Senti 100 ni nusu toni. Mara nyingi utahitaji chache tu kati ya hizo. Noti zisizokubali kabisa, usizipige.
- Mwachie nafasi. Chepkong inakaa eneo moja na gitaa na mkono wa kulia wa kinanda. Ukiweka vyote vitatu kwa pamoja hakuna kitakachosikika.

Watu hupenda kuanza na Auto-Tune hapa. Usiiguse kwenye ala. Inatafuta noti ya piano isiyokuwepo, na kila ikiikosa inatetemeka.

Kwa wanaotaka kutoa sauti ya mwimbaji kutoka wimbo uliokwisha kuchanganywa: Ultimate Vocal Remover ni ya bure na hufanya hivyo kwenye kompyuta yako bila mtandao. Kwenye laptopu ya zamani itachukua muda mrefu, na mabaki ya kinanda yatasikika chini ya sauti. Itumie kujifunzia. Kazi ya kutoa hadharani ifanye kwa stemu halisi.

## Kukabidhi kazi bila kumaliza bando

Mtu akikuomba stemu zako, heshima yako iko hapa. Kwenye FL Studio, wakati wa kutoa WAV, chagua "Split mixer tracks". Kwenye Reaper, dirisha la "Render" lina chaguo la "Stems". Kisha:

- Kila faili ianze sekunde sifuri, hata kama ala inaingia dakika ya pili.
- WAV ya 24-bit, 44.1 kHz. Stereo ni kama MB 16 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye stemu 8 unakaribia MB 500.
- Besi na sauti ya mwimbaji zitoe mono. Umepunguza nusu ya uzito wake.
- Geuza zote kuwa FLAC. Uzito hushuka sana na ubora haupotei hata kidogo.
- Usitume stemu za MP3. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni, na ala zako hazitalingana tena.
- Jina la faili liseme kitu: wimbo, ala, BPM, ufunguo. "Audio 7 final final" si jina.
- Weka yote kwenye folda moja, ifunge kwa ZIP, na kwenye WhatsApp itume kama dokumenti. Ukituma kama sauti ya kawaida unaweza kuharibu ubora wake.

MP3 ya 320 ya wimbo huo huo haizidi MB 10. Hiyo ndiyo ya kutuma watu wasikilize.

## Ruhusa

Hapa ndipo nyimbo nzuri hufutwa YouTube. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwenye wimbo haki ya kuamua nani aubadilishe. Kuandika "haki zote ni za mwenyewe" chini ya video hakukupi ruhusa yoyote.

- Leseni za Creative Commons. BY: mtaje mwenyewe. NC: usiuze. SA: remiksi yako nayo iwe chini ya leseni ile ile. ND: usiisambaze ikiwa imebadilishwa, kwa hiyo haifai remiksi hata kidogo. Soma herufi hizo kabla ya kupakua, si baada ya kumaliza.
- Nyimbo za wasanii wetu. Unataka remiksi ya Kipchamba arap Tapotuk? Kuna wenye haki. Watafute, au ifanye ya kujifunzia na ibaki kwenye kompyuta yako.
- Nyimbo za jadi. Usidhani hazina mwenyewe. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, na jamii inapaswa kuombwa idhini. Hata rekodi za Kapkatet zina taasisi inayozitunza. Omba kabla ya kukata.
- Yule mzee wa chepkong. Mweleze kwa lugha yake sauti itakwenda wapi na kama kuna pesa. Mkubaliane mgao mapema, mwandike kwenye karatasi, kila mmoja abaki na nakala. Akikataa, amekataa. Mshukuru na unywe chai yako.

## Maswali mafupi yaliyobaki

Ninunue kinanda cha MIDI? Si sasa. Vitufe vya kompyuta vinatosha kwa remiksi zako za mwanzo. Kama kanisani kuna kinanda chenye tundu la USB, huenda tayari unacho.

Plagini ngapi? Tumia zile zilizokuja na programu mpaka uzijue ekwalaiza, kompresa na mwangwi kwa kuzisikia, si kwa picha zake.

Nijifunze programu mbili kwa pamoja? Hapana, isipokuwa kazi zake zimegawanyika, kama LMMS ya ngoma na Reaper ya kuchanganya.

Kiingereza changu ni cha shida, menyu nitazielewa? Maneno unayohitaji kila siku hayafiki 40. Yaandike kwenye daftari na mbele ya kila moja andika linafanya nini, kwa maneno yako.

Ni lini nibadilishe programu? Kundi lako likihama, au ukikwama mara kwa mara kwenye jambo moja ambalo programu yako haiwezi, na wenzako wamethibitisha kwamba haiwezi kweli. Tangazo la toleo jipya si sababu. Na kabla ya kuhama, fungua kila mradi wa zamani unaoujali, toa stemu zake zote, andika BPM na ufunguo kwenye jina la folda, na uweke nakala kwenye fleshi isiyokaa mfuko mmoja na laptopu.